Sentimita za Mheshimiwa Mabumunda

Katika Jamhuri ya Shibe hakuna mtu mwenye njaa. Jambo hili lilitangazwa redioni, na wananchi waliokuwa hawajala tangu jana yake walilisikia vizuri sana, maana mtu asiyetafuna husikia vizuri.

Nchi hiyo iliongozwa na wanaume wanene. Si kwamba walichaguliwa kwa unene wao. Walichaguliwa kwa sifa nyingine ambazo serikali bado haijapata nafasi ya kuzitaja. Lakini kila aliyeshika madaraka alinenepa, hivyo Mheshimiwa Mabumunda, Waziri wa Hadhi na Umbo, akaona ni busara sheria ifuate pale ambapo tumbo limekwisha kutangulia. Akatoa Waraka Namba Saba. Waraka ulisema kwamba taifa hupimwa kwa watumishi wake, na watumishi hupimwa kwa tepu, kiunoni, usawa wa kitovu. Karani asipungue sentimita mia na mbili. Mkurugenzi, mia na ishirini. Naibu Waziri, mia na thelathini na tano. Waziri, mia na hamsini. Mwanamume aliye chini ya mia na mbili awe tarishi, abebe mafaili ya wenzake. Aliye chini ya themanini na tano aondolewe kazini kwa manufaa ya umma.

Wanawake hawakuguswa na waraka, kwa kuwa walioandika walisahau kwamba wamo maofisini. Walikumbukwa ilipotafutwa mikono ya kushika tepu. Wanaume walijaribiwa kwanza, wakapimana kwa upendo uliopita kiasi, hata karani mmoja mwembamba kama ufagio akasajiliwa sentimita mia mbili. Kazi ikahamishiwa kwa Tabibu Sikudhani wa zahanati ya wizara, mwanamke ambaye faili lake lilikuwa na doa moja tu: hakuweza kuandika namba ambayo hakuiona.

Siku ya kwanza ya upimaji, wa nne kwenye foleni alikuwa mume wake.

Shembilu alikuwa mchora ramani wa wizara. Mtu wa maneno machache, alikwenda kazini kwa baiskeli, akirudi anakula ugali na mlenda, kisha anawachorea binti zake wawili visiwa visivyokuwepo na kuwauliza wangependa kuviita nani. Alisimama mbele ya mkewe, shati ameliinua hadi kifuani.

"Toa tumbo, baba Zawena," Sikudhani alimnong'oneza.

"Ndiyo nimelitoa."

Tepu ilisoma themanini na moja. Sikudhani aliitazama namba ile kwa muda, foleni nzima ikimngoja. Kisha akaandika themanini na moja.

Shembilu hakumlaumu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya wizara kwa jina lake, na shule ya binti zao ilikuwa ya watoto wa watumishi wa kiume. Serikali, kwa huruma yake, ilimpa miezi mitatu ya kujirekebisha. Baiskeli ikaegeshwa ukutani. Asubuhi alikula chapati sita na supu ya makongoro, saa nne chipsi mayai, mchana wali wa nazi kwenye sinia la watu watatu, jioni nyama choma na soda mbili. Alikula kama mtu anayelima shamba la mwenzake: bila raha, akitazama saa. Mara nyingine Sikudhani alimkuta ameinama juu ya sahani, kijiko mkononi, macho yamejaa machozi, anavuta pumzi ili apate nafasi ya tonge lingine.

Miezi mitatu ilipokwisha alifika mia na tatu. Wizara ikampigia makofi. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea: Shembilu akaanza kuyapenda yale makofi. Askari wa mlangoni, aliyekuwa akimwita "wewe wa baiskeli," sasa alimwita "mzee." Vijana walimpisha kwenye korido. Akaanza kusema juu ya ukurugenzi, yeye ambaye zamani alikuwa akisema juu ya mito na mipaka tu.

"Mia na ishirini siyo mbali, mama Zawena."

"Usiku unakoroma mpaka unakata pumzi," mkewe alimwambia. "Nakaa nahesabu. Jana nilihesabu mpaka ishirini ndipo ukavuta."

"Ndiyo sauti ya mkurugenzi hiyo."

Lakini alikuwa akienda haja ndogo kila baada ya nusu saa. Vidole vya miguu vilimwasha kama vimepitiwa na siafu. Ngazi tatu za nyumbani kwao zilimfanya ashike ukuta. Na mambo ya mume na mke, ambayo waraka haukuyagusia, yalikuwa yameisha kabisa. Alikuwa akimgeuzia mkewe mgongo kwa aibu na kujifanya amelala. Sikudhani alimtoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa juu mara tatu. Presha ilikuwa haisemeki. Akayaandika yote kwenye karatasi, akaenda nayo moja kwa moja kwa Waziri.

Mheshimiwa Mabumunda alimpokea akiwa amekaa kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Alisoma karatasi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeona makosa ya tahajia.

"Tabibu, umeandika neno 'kisukari.'"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo ugonjwa wake. Mwanamume akipita sentimita mia na mbili kiunoni, mafuta yanakuwa yamezunguka ini na moyo. Namba mliyoiweka iwe mwanzo wa ukarani, sisi kwenye vitabu vyetu ni mwanzo wa hatari. Naomba mume wangu asamehewe."

"Huna habari na Waraka Namba Tisa?" Waziri akafungua mtoto wa meza, akamsomea kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "'Kwa kuwa adui zetu hutumia majina ya magonjwa kuukejeli mwili wa uongozi, majina yafuatayo yamefutwa nchini. Kisukari kitaitwa utamu wa damu. Presha itaitwa mori wa uzalendo. Mshtuko wa moyo utaitwa kuzidiwa na furaha.' Unaona? Mumeo ana utamu na mori. Wewe unakuja hapa na uso wa msiba!"

"Atakufa, Mheshimiwa."

"Katika wizara hii, mama, watu hawafi. Wanajaa." Akamkabidhi karatasi yake. "Mwambie nampongeza. Siku ya Umbo nitamvika mwenyewe mkanda wa ukurugenzi."

Siku ya Umbo, Shembilu alikuwa na sentimita mia na ishirini na moja. Uwanja ulipambwa, bendi ikapiga. Jukwaa la wakubwa lilijengwa juu sana ili wananchi waweze kuona matumbo bila kusukumana, na lilikuwa na ngazi arobaini na moja. Wakubwa wenyewe walipandishwa kwa mashine ya kupandishia saruji. Wakurugenzi wapya waliambiwa wapande kwa miguu, waonyeshe uchangamfu.

Sikudhani alikuwa chini, pamoja na binti zake. Alimwona mumewe akipanda, suti mpya imembana kwapani, mkono mmoja hewani akipunga. Kwenye ngazi ya kumi na tano alisimama, akatabasamu. Kwenye ngazi ya ishirini na tisa alishika mkono wake wa kushoto, akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kufunga kamba za kiatu. Hakuinuka tena.

Bendi ilinyamaza. Sikudhani alikuwa amekwisha kuanza kukimbia alipoisikia sauti ya Mabumunda kwenye kipaza sauti:

"Ndugu wananchi! Mwenzetu amezidiwa na furaha! Tumpigie makofi!"

Na watu elfu nane wakapiga makofi. Walipiga wakati Sikudhani akimkandamiza mumewe kifua, wakapiga wakati Zawena akilia "Baba! Baba!", wakaendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ndiye wa kwanza kuacha. Mkanda wa ukurugenzi walimvika marehemu palepale kwenye ngazi, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kununuliwa. Kesho yake cheti cha kifo kilikuja, kimepigwa muhuri na wizara. Penye sababu ya kifo paliandikwa: Furaha.

Sikudhani alikisoma, akakikunja mara nne. Hakulia tena baada ya siku hiyo. Wenzake wa zahanati walimsifu kwa uvumilivu, na wizara ikampa barua ya pongezi kwa kuomboleza bila kelele. Hawakujua kwamba mwanamke yule hakuwa anavumilia. Alikuwa anangoja. Kila miezi mitatu alimpima Mheshimiwa Mabumunda kiuno, akiinama kumzungushia tepu kama anayekumbatia mti, na kila mara alisikia namna anavyohema, akaona jinsi kifundo cha mguu kinavyofura juu ya kiatu, akaona weusi wa ngozi kwenye mikunjo ya shingo. Mia na hamsini na tatu. Mia na hamsini na sita. Mia na hamsini na nane. Aliandika, akamshukuru, akaondoka.

Mwaka wa pili ulikuwa unaelekea ukingoni Mabumunda alipokuja zahanati mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, bila ving'ora. Alifunga mlango. Akakaa kitandani, kitanda kikalia.

"Tabibu, mimi si mgonjwa," alianza.

"Hongera, Mheshimiwa."

"Ila nina kiu. Namaliza ndoo. Nikipanda gari tu kifua kinabana hapa, kama mtu amekaa juu yangu. Halafu kuna kidonda kidoleni, tangu mwezi wa Ramadhani hakikauki." Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Na yule bwana wa ndani... yule amelala. Mke mdogo ameanza kunicheka."

Sikudhani alichukua kalamu. "Niandike ugonjwa gani?"

"Wewe ndiye tabibu."

"Niliyoyajua mimi yamefutwa. Kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, ninavyokusikia una utamu, una mori, na unakaribia kuzidiwa na furaha. Hayo hayana dawa, yana makofi. Nikupigie?"

Akaweka kalamu chini, akaanza kupiga makofi. Polepole, pa, pa, pa, akimtazama usoni. Mabumunda alimkodolea macho, na hapo ndipo, baada ya miaka miwili, alipomkumbuka kuwa ni mke wa nani. Akainuka, akaondoka anachechemea.

Sikudhani alibaki peke yake. Angeweza kumwacha. Kidonda kile kingefanya kazi yote bila msaada wa mtu. Lakini alijua kinachotokea waziri akifa katika nchi ya Shibe: mizinga ishirini na moja, bendera nusu mlingoti, barabara yenye jina lake, na Mabumunda angelala kaburini akiwa waziri milele. Hapana, alijisemea. Huyu hafi. Huyu nitamponya.

Baada ya wiki mbili Mabumunda alirudi. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na safari hii alikuja amebebwa.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Uandike Waraka mwingine, sasa hivi, hapa. Majina ya magonjwa yarudi kama yalivyokuwa. Na cheti cha mume wangu kiandikwe upya."

"Nikiandika nitachekwa."

"Usipoandika utakatwa mguu. Baadaye utachekwa."

Aliandika. Kwenye cheti kipya, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliandika: Moyo ulisimama, kwa sababu ya unene alioamriwa. Sikudhani alimlazimisha akisome kwa sauti, mara mbili, mbele ya wauguzi. Kisha akavaa glovu, akamsafisha kidonda kwa mikono laini kuliko aliyowahi kumgusa nayo mgonjwa yeyote.

Tangu siku hiyo Mabumunda akawa mali yake. Alimpa vidonge, akasimama mpaka amemeza. Akamwondolea soda, chapati, nyama ya mafuta. Akamletea maharage, mlenda, samaki wa kuchemsha na uji usio na sukari. Kidonda kilipopona alimtembeza kuzunguka ofisi ya wizara kwa miguu, kwanza dakika tano, kisha kumi, kisha saa nzima, mchana kweupe, yeye mbele na Waziri nyuma anatweta kama ng'ombe wa jembe. Wananchi walitoka madukani kutazama. Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa anakagua ardhi ya nchi, hatua kwa hatua.

Na kila Jumatatu alimpima. Mabumunda hakuona ubaya. Alifurahi kuona namba zinashuka na pumzi inapanda. Hakuuliza fomu zinakwenda wapi. Fomu zilikwenda Masijala ya Umbo, kama sheria yake mwenyewe ilivyoagiza.

Barua ya kwanza ilimfikia akiwa na mia na arobaini na tisa. Ilimpongeza kwa utumishi uliotukuka na kumjulisha kwamba kuanzia siku hiyo ni Naibu Waziri.

Alikuja zahanati anakimbia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukimbia tangu utotoni, na hakuligundua hilo.

"Umenipeleka masijala!"

"Wewe ndiye uliyenituma. Waraka Namba Saba, kifungu cha nne."

"Nitakula! Nitanenepa kwa wiki moja!"

"Karibu," Sikudhani alimwambia. "Jikoni kwa wizara leo kuna biriani."

Alikwenda kweli, akala sahani nne. Saa tisa mchana kifua kikambana. Akalala sakafuni anatoka jasho, anaomba aitwe yule mwanamke. Sikudhani alimwekea kidonge chini ya ulimi, akangoja hadi rangi imrudie.

"Chagua," alimwambia taratibu. "Kiti au moyo."

Mabumunda aliyewahi kuwachagulia watu wengi alikuwa hajawahi kutakiwa kuchagua jambo gumu namna hiyo. Alijaribu njia ya katikati: Jumatatu iliyofuata alifika na tumbo kubwa lenye pembe. Sikudhani alimtazama.

"Vua shati."

"Mbele ya watu?"

"Mume wangu alivua mbele ya foleni nzima."

Alivua. Mito miwili ya kochi ikaanguka sakafuni, mmoja na foronya yake ya maua. Korido nzima ilicheka. Kicheko hicho, wanasema, kilisikika mpaka Ikulu, ambako waheshimiwa waliuliza mara moja kama kuna kibali chake.

Basi akateremka. Mia na thelathini na nne, akawa mkurugenzi. Mia na kumi na tisa, akawa karani, akapewa meza iliyokuwa imebanana kati ya makarani wawili aliowaajiri yeye. Kila cheo kilipoanguka, kitu kimoja mwilini kilisimama: presha ikakaa sawa, sukari ikarudi mahali pake, usingizi ukawa wa mtoto. Hata yule bwana wa ndani aliamka, lakini mke mdogo alikuwa amekwisha kuhamia kwa Waziri mpya, mwenye mia na sitini na moja. Alipofika mia na moja walimvua suti, wakampa kaptura ya khaki ya tarishi.

Siku hiyo Sikudhani alikwenda dirishani kumtazama akikatiza uwanja na mafaili begani, mwepesi, mwenye afya, hana hata mtu mmoja wa kumsalimia. Askari wa mlangoni alimfokea, "Wewe wa mafaili, pita nyuma!" Sikudhani alisikia kitu kitamu kikimtelemka kifuani. Akafunga dirisha, akala chakula chake chote cha mchana, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa miaka mitatu.

Wiki chache baadaye tarishi Mabumunda aliingia zahanati bila kubisha hodi. Aliweka karatasi mezani.

"Karani Ngonyora amefariki," alisema. "Ameanguka chooni, saa nne hii. Wanataka cheti."

Ngonyora alikuwa ndiye mchora ramani aliyeajiriwa kwenye nafasi ya Shembilu. Alikuja kazini akiwa na sentimita themanini na tatu, akapewa miezi mitatu. Sikudhani ndiye aliyempima. Wiki iliyopita tu alikuwa amemwandikia mia na kumi na saba, akamwonya, naye akacheka akasema mia na ishirini siyo mbali.

Sikudhani aliandika jina. Penye sababu ya kifo aliandika, kwa maneno ambayo sasa yaliruhusiwa: Mshtuko wa moyo. Unene. Muhuri ukagonga. Kilikuwa cheti sahihi kabisa.

Mabumunda hakuondoka. Alisimama, mikono nyuma, kama matarishi wanavyofundishwa.

"Nikuulize, Tabibu?"

"Uliza."

"Siku ile kidonda kinanuka, kalamu mkononi. Uliniambia nirudishe majina, nikarudisha. Cheti cha mumeo, nikaandika. Waraka Namba Saba hukuutaja. Ungenitajia ningeufuta. Ningefuta hata wimbo wa taifa siku ile."

"Najua," Sikudhani alisema.

"Ulisahau?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Mwanamke yule hakuweza kuandika namba ambayo hakuiona, na hata kusema alikuwa vivyo hivyo.

"Sikusahau. Bila Namba Saba usingeshuka."

Mabumunda alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira; palikuwa na kitu kibaya zaidi, kama salamu ya mtu wa kazi moja kwa mwenzake.

"Basi tulikuwa wawili," alisema.

Sikudhani alisogeza cheti mpaka ukingoni mwa meza. "Mpelekee mjane wake. Wewe mwenyewe, kwa miguu. Akikuuliza nani aliuandika waraka, mwambie. Akikuuliza nani alikuwa na uwezo wa kuufuta akauacha, mwambie hilo pia. Taja jina langu."

Alikwenda. Hapakuwa mbali, mtu mzima mwenye afya hutumia robo saa. Sikudhani aliwapima wanaume saba wakati akingoja, wote wamezidi, wote wakafurahi. Tarishi aliporudi alisimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Amesema nini?"

"Ameomba nimshikie mtoto, akajifunga khanga, akanifuata." Mabumunda alisogea pembeni, akauacha mlango wazi. "Yuko hapo koridoni."